Saa za Kusubiri Ndege: Mwongozo kwa Msafiri Mdadisi

Mtu akitaka kusafiri kwa ndege kwa mara ya kwanza, au akikabiliwa na transiti ndefu (kusubiri ndege ya kuunganisha), maswali huwa ni yale yale. Naweza kutoka nje ya uwanja? Zile launji, yaani kumbi maalumu za kupumzikia, ni za nani? Nikipiga picha ndege nitakamatwa? Zile namba kubwa zilizochorwa kwenye njia ya kurukia zina maana gani? Nimeyajibu kwa mmoja mmoja kwa muda mrefu. Sasa nayaweka mahali pamoja, kwa mpangilio ambao mtu anaweza kuufuata akiwa na begi mgongoni.

Uwanja wa ndege ni miongoni mwa sehemu chache duniani ambapo mgeni anaruhusiwa kukaa saa nyingi akitazama kazi ngumu ikifanywa mbele ya macho yake, bila kudaiwa kitu. Wengi hukaa pale wakiwa wameinamia simu. Utaratibu ninaoupendekeza ni huu: safari kwanza, huduma baadaye, na dakika zote zinazobaki ziende dirishani.

Vinavyohitajika kabla ya kuanza

Muda. Kama una chini ya saa mbili baada ya kukabidhi mizigo, fuata hatua ya 1 hadi ya 4 basi. Mengine yananoga ukiwa na saa tatu au zaidi.

Tiketi, na uisome vizuri. Angalia kama safari zako zote ziko kwenye tiketi moja au ulinunua mbili tofauti. Kwenye tiketi moja, ndege ya kwanza ikichelewa ukaikosa ya pili, shirika ndilo linalopaswa kukutafutia nyingine. Kwenye tiketi mbili hasara ni yako, na mara nyingi mzigo hautapelekwa moja kwa moja hadi mwisho wa safari; itabidi uuchukue na kuukabidhi upya.

Pasipoti, pamoja na visa pale inapohitajika, hata kwa transiti. Marekani, kwa mfano, abiria anayetoka nje ya nchi hupita uhamiaji hata kama anaunganisha tu kwenda nchi nyingine. Ulizia hilo kabla ya kununua tiketi.

Simu yenye programu mbili: ya shirika lako la ndege, na moja ya kufuatilia ndege angani kama Flightradar24. Ya kwanza itakuambia geti limebadilika. Ya pili ndiyo itakayokufanya usahau kwamba unasubiri.

Pawabenki, lakini kwa masharti. Inakaa kwenye begi la mkononi, kamwe si kwenye mzigo unaoingia tumboni mwa ndege. Kikomo cha kawaida ni Wh (wati-saa, kipimo cha nishati) 100 bila kuomba ruhusa. Kama yako imeandikwa mAh peke yake, zidisha kwa volti 3.7 kisha gawanya kwa 1,000: pawabenki ya mAh 20,000 ni Wh 74, iko salama. Baadhi ya mashirika hayaruhusu kuitumia ukiwa ndani ya ndege, kwa hiyo jaza simu yako ukiwa bado chini.

Chupa tupu ya maji, sweta, na kalamu. Sweta ni kwa sababu kumbi za kusubiria hupozwa kupita kiasi. Kalamu ni kwa fomu za uhamiaji, ambazo nchi nyingine bado zinazitumia.

Darubini ndogo si lazima. Ukiwa nayo, utasoma maandishi ya kwenye mkia wa ndege iliyo upande wa pili wa uwanja.

Hatua kwa hatua

1. Jua uko upande gani wa ukaguzi

Kila uwanja una pande mbili. Upande wa nje yeyote anaweza kuingia: wasindikizaji, madereva, wenye maduka. Upande wa ndani ni wa waliopita ukaguzi wa usalama wakiwa na pasi ya kupandia ndege. Ukishavuka, kurudi nje ni usumbufu, na kwenye safari za kimataifa ni kupita uhamiaji upya. Kwa hiyo kabla hujavuka, fungua tovuti ya uwanja na uone unachokitaka kiko upande gani.

Hapa ndipo wageni wengi wanapokosea. Changi ya Singapore ndiyo mfano mzuri. Bustani ya vipepeo iko upande wa ndani, kwenye jengo la 3 la abiria. Yale maporomoko ya maji yenye urefu wa mita 40 ambayo kila mtu ameyaona kwenye picha yako Jewel, jengo lililofunguliwa mwaka 2019, nalo liko nje. Abiria wa transiti anayetaka kuyafikia lazima apite uhamiaji, na kama pasipoti yake inadai visa ya Singapore, hatayafikia.

Roshani za kutazamia ndege mara nyingi ziko nje. Haneda ya Tokyo ina roshani juu ya majengo yake ya abiria na huhitaji tiketi ya ndege kupanda. Munich ina kilima kilichotengenezwa makusudi kwa watazamaji, pamoja na ndege za zamani zilizoegeshwa chini yake. JFK ya New York ina jengo la TWA lililobuniwa na Eero Saarinen na kufunguliwa mwaka 1962, ambalo tangu 2019 ni hoteli. Bwawa la kuogelea lililo juu ya paa lake linatazama njia ya kurukia. Ukipitia mojawapo ya viwanja hivyo, tazama kwanza halafu ndiyo uvuke.

2. Maliza mambo ya safari

Kabidhi mzigo mkubwa mapema kadiri kaunta inavyoruhusu. Kabla mhudumu hajausukuma, tazama kibandiko kilichofungwa kwenye mpini wake. Kina herufi tatu kubwa, nazo ndizo msimbo wa uwanja unaokwenda. Zisome kwa sauti ukipenda. SJO ni San José ya Costa Rica, SJC ni San Jose ya California. SYD ni Sydney ya Australia, YQY ni Sydney ya Kanada, na wapo abiria waliowahi kufika Kanada wakitarajia kuiona Australia.

Herufi hizo zina historia zake. Chicago O'Hare inaitwa ORD kwa sababu uwanja huo uliitwa Orchard Field zamani. Orlando ni MCO kwa sababu ulikuwa kituo cha jeshi la anga kilichoitwa McCoy. Ukianza kuuliza kila msimbo ulitoka wapi, hutaishiwa maswali.

Kaa na kipande cha kibandiko unachopewa. Usikitupe mpaka mzigo uwe mkononi mwako.

3. Pita ukaguzi bila papara

Hatua hii ni fupi. Vimiminika kwenye viwanja vingi bado ni chupa zisizozidi mililita 100 kila moja, ndani ya mfuko mmoja wa lita moja unaoonyesha vilivyomo. Kanuni hiyo ilianza mwaka 2006, baada ya polisi wa Uingereza kugundua njama ya kulipua ndege kwa vilipuzi vya maji. Baadhi ya viwanja vyenye mashine mpya vimeilegeza, lakini uwanja utakaounganishia huenda haujailegeza, kwa hiyo funga begi kwa kufuata ule mkali zaidi. Toa simu na funguo mfukoni kabla ya kufika kwenye mkanda. Usipige picha hapo wala kwenye uhamiaji. Na usifanye utani wowote kuhusu mabomu, hata kwa mtoto wako.

4. Nenda getini kwanza, halafu urudi

Ushauri huu unaonekana wa ajabu mpaka uutumie. Ukishavuka ukaguzi, usikae kwenye kiti cha kwanza. Tembea mpaka geti lako, hata kama limebaki na saa tatu, ukiangalia saa. Kwenye viwanja vikubwa kuna mageti yanayofikiwa kwa treni ya ndani, na mengine yana ukaguzi wa pili mbele yake ambao hakuna aliyekuambia. Sasa unajua ni mwendo wa dakika ngapi. Ongeza dakika kumi, kisha toa jumla hiyo kwenye muda wa kufungwa kwa geti. Hiyo ndiyo saa yako ya kuondoka popote utakapokuwa.

Kumbuka: saa iliyoandikwa kwenye tiketi ni ya ndege kuondoka. Geti hufungwa kabla, mara nyingi dakika 15 au 20, na hayo yameandikwa kwa herufi ndogo kwenye pasi yako. Ndege inaweza kuwa bado imesimama pale, unaiona kwa macho, na usiruhusiwe kupanda.

Geti linaweza pia kuhamishwa. Angalia skrini kila nusu saa.

5. Tafuta huduma za bure kabla ya kununua chochote

Ramani za uwanja huweka maduka mbele kwa sababu ndiyo yanayolipa kodi. Huduma za bure zina alama ndogo ndogo, na ni nyingi kuliko watu wanavyodhani: maji ya kunywa ya kujaza chupa, chumba cha sala, chumba cha mama kunyonyesha, sehemu ya watoto kucheza, viti vya kujilaza, zahanati. Kama huoni alama, muulize mtu wa dawati la maelezo kwa kutaja kitu: "Wapi naweza kulala?" Ukiuliza "kuna nini hapa?" utaelekezwa madukani.

Sanaa nayo ni ya bure. Uwanja wa San Francisco una makumbusho yake yaliyoanza mwaka 1980, na maonyesho yake yametapakaa kwenye majengo ya abiria. Sehemu ya historia ya usafiri wa anga iko kabla ya ukaguzi, katika jengo la kimataifa. Mwaka 2002 makumbusho ya Rijksmuseum ya Amsterdam yalifungua tawi ndani ya uwanja wa Schiphol, nyuma ya ukaguzi wa pasipoti. Doha wamesimamisha dubu wa manjano wa msanii Urs Fischer, ana urefu wa takriban mita 7 na taa imemtoka kichwani. Watu hupanga kukutania chini yake.

Kwa mwenye shida ya kutembea, kiti cha magurudumu na mtu wa kukisukuma ni huduma isiyolipiwa kwenye viwanja vingi. Iombe kupitia shirika lako saa 48 kabla ya safari. Kuna ulemavu usioonekana kwa macho pia: usonji, kupoteza kumbukumbu, hofu kali. Uwanja wa Gatwick ulianzisha mwaka 2016 utepe wa kijani wenye maua ya alizeti unaovaliwa shingoni, na leo viwanja vingi duniani vinautambua. Mfanyakazi akiuona anajua mvaaji anahitaji muda zaidi na maneno ya upole. Ningependa kila familia inayosafiri na mtu wa namna hiyo ijue jambo hili, kwa sababu wengi wanateseka kwenye foleni bila sababu.

6. Launji: pima kwanza

Launji ya kwanza ya shirika la ndege ilifunguliwa mwaka 1939 na American Airlines katika uwanja wa LaGuardia, New York, na enzi hizo ilikuwa ya waalikwa tu. Siku hizi kuna milango mitatu: tiketi ya daraja la juu, kadi ya msafiri wa mara kwa mara iliyofikia ngazi fulani, au kulipa. Kulipa kunaweza kuwa mlangoni, kupitia uanachama kama Priority Pass, au kupitia kadi ya benki ambayo huenda tayari unayo mfukoni bila kujua faida zake. Angalia masharti ya kadi yako kabla ya kusafiri.

Maoni yangu: launji inafaa kama unahitaji kuoga, kula mlo kamili na kufanya kazi kwa utulivu katika transiti ya saa nne au zaidi. Kwa saa moja na nusu, hapana. Nyingi hukuruhusu kuingia saa tatu tu kabla ya kuondoka, na wakati wa msongamano huwafungia nje waliolipa. Halafu kuna mtego mmoja: launji nyingi hazitangazi safari kwa sauti. Viti ni laini, watu ni kimya, na ndege inaondoka. Weka kengele ya simu kabla hujakaa.

7. Tafuta dirisha na uanze kuusoma uwanja

Hapa ndipo ninapotaka ufike ukiwa na muda wa kutosha. Tafuta dirisha linaloelekea njia ya kurukia, si lile linaloelekea maegesho ya magari. Mara nyingi ni mwisho kabisa wa ukumbi, kwenye mageti ambayo hayana ndege kwa wakati huo, na huko viti viko wazi.

Anza na upepo. Ndege huruka na kutua zikiukabili upepo, kwa sababu hewa inayokuja mbele inasaidia mabawa kubeba uzito kwa mbio fupi zaidi. Tafuta soksi ya upepo, ule mfuko wa rangi kali ulio juu ya nguzo. Ukijua upepo unatoka wapi, utajua ndege inayofuata itatokea upande gani, na utakuwa umekaa mahali sahihi kabla ya wengine.

Sasa namba. Njia ya kurukia hupewa namba kutokana na mwelekeo wa dira: chukua nyuzi, gawanya kwa kumi. Ndege inayoruka kuelekea mashariki, nyuzi 90, iko kwenye njia 09. Lami ile ile ikitumika kuelekea magharibi inaitwa 27. Ndiyo maana ncha mbili daima hupishana kwa 18. Zikiwepo njia sambamba, huongezwa L kwa ya kushoto, R kwa ya kulia na C kwa ya katikati. Kwa vile ncha ya sumaku ya dunia inahama polepole, namba nazo hubadilishwa: uwanja wa Stansted, London, ulibadilisha njia yake kutoka 05/23 kuwa 04/22 mwaka 2009. Lami haikusogea hata kidogo, wapakaji rangi ndio waliokuwa na kazi.

Usiku, taa hukusimulia yote. Nyeupe ziko kingo za njia ya kurukia, za buluu ziko kingo za njia ambazo ndege hupita zikienda au zikitoka kwenye njia ya kurukia, na za kijani huonyesha katikati ya njia hizo. Kwenye ndege yenyewe, ncha ya bawa la kushoto ni nyekundu na la kulia ni kijani. Ukiona nyekundu iko kulia kwako na kijani kushoto, ndege inakujia. Taa nyekundu inayomulika juu ya mgongo na chini ya tumbo ikiwashwa, injini zinakaribia kuwaka au tayari zinazunguka. Tazama jinsi wafanyakazi wa chini wanavyobadilisha mwendo wao mara tu inapowaka.

Usikose kuondoka kwa ndege getini. Gari fupi linaisukuma nyuma, maana ndege nyingi za abiria hazirudi nyuma zenyewe. Likishatenganishwa, mtu mmoja husogea pembeni mpaka marubani wamuone, ananyanyua pini yenye utepe mwekundu kuwaonyesha kwamba imetolewa na usukani wa gurudumu la mbele sasa ni wao, kisha anapunga mkono. Rubani humpungia naye. Japani wafanyakazi husimama kwa mstari, wakapunga na kuinama mpaka ndege iondoke. Abiria wengi wako ndani wakitafuta filamu na hawayaoni haya. Ukiwa dirishani, wapungie.

Ukiona magari mawili ya zimamoto yakirusha maji juu kama tao na ndege ikipita katikati, usihofu. Ni saluti: huenda ni safari ya kwanza ya njia mpya, au rubani anastaafu siku hiyo.

Na ukiona ndege ndogo imesimama mwanzo wa njia dakika mbili au tatu bila kuruka, angalia nani ametangulia. Ndege kubwa huacha nyuma yake vimbunga viwili vya hewa kutoka ncha za mabawa, na waongozaji wa mnarani hawamruhusu mdogo aingie humo.

8. Jifunze kutambua ndege

Usianze na aina zote. Anza na hizi mbili, kwa sababu ndizo utakazoziona zaidi: Boeing 737 na Airbus A320. Tazama injini kwa mbele. Ya 737 imebapa chini, si duara kamili, kwa sababu bawa lake liko karibu na ardhi. Kisha tazama mahali mkia unapoungana na mgongo: 737 ina pembe ndogo ya ziada inayotangulia mkia, A320 haina, na pua ya A320 ni ya mviringo zaidi.

Ukizizoea, nenda kwa kubwa. A350 ina "miwani" nyeusi kuzunguka madirisha ya marubani. Boeing 787 ina meno ya msumeno nyuma ya kasha la injini na mabawa yanayopinda juu inaporuka. Boeing 777 ina magurudumu sita kwenye kila mguu mkubwa. A350-1000 nayo ina sita, lakini miwani yake itakuambia. Zikija kutua, tazama mguu mkubwa: kwenye Airbus A330 magurudumu yake ya nyuma huning'inia chini kuliko ya mbele, hali kwenye Boeing 767 ya mbele ndiyo huinama chini.

Mbili zitazame kwa heshima, kwa sababu hazitengenezwi tena: A380 yenye madirisha ya ghorofa mbili kutoka puani hadi mkiani, ambayo ya mwisho ilikabidhiwa Desemba 2021, na 747 yenye nundu mbele, ambayo ya mwisho ilikabidhiwa Januari 2023. Ukiiona 747 ikipita, simama.

9. Soma jina la ndege, kisha umfuate

Karibu na mkia kuna herufi na namba. Huo ni usajili, na mwanzo wake hutaja nchi: N ni Marekani, G Uingereza, F Ufaransa, D Ujerumani, JA Japani, ET Ethiopia, 5Y Kenya, 5H Tanzania, A6 Falme za Kiarabu. Uandike kwenye programu ya kufuatilia ndege, na utaona ilikolala jana, umri wake, na mara nyingi safari zake za wiki nzima. Ndege zenyewe hutangaza mahali zilipo kwa mawimbi ya redio, na watu wa kawaida wenye vipokezi juu ya mapaa yao ndio wanaoyanasa na kuyatuma.

Fanya hivyo kwa ndege yako pia. Kama ndege itakayokuchukua bado iko hewani umbali wa saa mbili na skrini inasema utaondoka baada ya dakika arobaini, unajua ukweli kabla ya tangazo.

Siku moja utaona kwenye programu hiyo ndege imeandikwa 7700. Ni namba ya dharura, lakini dharura nyingi ni abiria kuugua au hitilafu iliyodhibitiwa. Usisambaze hofu.

Ukitaka kusikiliza mazungumzo ya marubani na mnara, angalia sheria kwanza. Nchi nyingi zinaruhusu, Uingereza hairuhusu.

10. Endelea ukiwa ndani

Chagua kiti cha dirishani mbele au nyuma kabisa ya bawa. Kwenye 737 kuna safu moja upande wa kushoto, mbele kidogo ya bawa, isiyo na dirisha kwa sababu bomba la hewa limepita ukutani. Utauzwa "dirisha" ukatazama plastiki. Angalia ramani ya viti ya ndege hiyo kabla ya kulipia.

Kitundu kidogo kilicho chini ya kioo si kasoro. Kinasawazisha shinikizo kati ya vioo na kupunguza ukungu. Kabla ya kuondoka utasikia wahudumu wakiambiwa wakague milango: wanaiweka katika hali ambayo mlango ukifunguliwa kwa dharura, ngazi ya kuteleza inajijaza yenyewe, na kila mmoja anahakiki mlango wa mwenzake. Taa zikizimwa usiku kabla ya kuruka au kutua, ni kwa ajili ya macho yako yazoee giza ikibidi kutoka haraka.

Kutembelea chumba cha marubani angani hakuna tangu mashambulizi ya Septemba 2001. Ila ndege ikishatua na abiria wakishashuka, muombe mhudumu kwa adabu. Marubani wengi hufurahi, hasa ukiwa na mtoto, na wakikataa washukuru vilevile.

Makosa yanayoweza kukugharimu

Kuweka picha ya pasi ya kupandia mtandaoni. Msimbo wa mistari una jina lako na namba ya kuhifadhi nafasi (buking) yenye tarakimu na herufi sita. Anayeijua hiyo pamoja na jina lako la ukoo anaweza kuifungua safari yako, hata kuifuta.

Kupiga picha mahali pasiporuhusiwa. Novemba 2001 watazamaji wa ndege kumi na wawili kutoka Uingereza na wawili kutoka Uholanzi walikamatwa Kalamata, Ugiriki, wakashtakiwa kwa ujasusi. Walihukumiwa Aprili 2002 na kuachiwa huru kwa rufaa Novemba mwaka huo. Uwanja ukitumiwa pia na jeshi, weka kamera ndani. Kwingine, ukiwa na shaka, muulize askari.

Kusimama nyuma ya ndege inayoruka. Ufuko wa Maho, Sint Maarten, unapendwa kwa sababu ndege hupita juu ya vichwa vya watu. Julai 2017 mwanamke mmoja aliyekuwa ameshikilia uzio alirushwa na upepo wa injini, akafa. Zinazotua tazama, nyuma ya zinazoruka, ondoka.

Kusahau pawabenki begini. Ndege ikijaa, mabegi ya mkononi huchukuliwa getini na kupelekwa chini. Itoe kabla hujalikabidhi.

Mambo yakienda kombo

Geti limebadilika na uko mbali. Usikimbie ovyo, soma skrini mara mbili, kisha mwambie mfanyakazi wa kwanza unayemkuta namba ya safari yako. Anaweza kupiga simu getini.

Ndege imechelewa sana. Omba chakula na, ikiwa ni usiku kucha, hoteli. Kwa safari zinazoondoka Umoja wa Ulaya, sheria namba 261 ya mwaka 2004 inalilazimu shirika kukuhudumia. Kwingine uliza utaratibu wao, na utunze risiti zote.

Umekosa ndege ya kuunganisha. Kaa kwenye foleni ya dawati huku ukipiga simu ya shirika na kufungua programu yao. Inayojibu kwanza ndiyo utakayoifuata.

Hofu imekushika. Mwambie mhudumu unapopanda, mapema. Wamefundishwa, na atapita kukuangalia.

Simu imezimika. Pasi yako inaweza kuchapishwa upya kaunta au getini ukiwa na pasipoti.

Mzigo haujaonekana kwenye mkanda. Usitoke nje ya ukumbi huo. Nenda dawati la mizigo la shirika ukiwa na kile kipande cha kibandiko, andikisha ripoti, na uondoke na namba yake. Chini ya Mkataba wa Montreal wa 1999, malalamiko ya mzigo ulioharibika hupelekwa kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu uupokee, na ya mzigo uliochelewa ndani ya siku 21 tangu ukabidhiwe. Usipofika kabisa ndani ya siku 21 tangu siku uliyotakiwa kufika, unaweza kudai fidia ya mzigo uliopotea.